Bai na Hadithi Zake za Kimarathi

Mara ya kwanza kuisikia sauti yake nilikuwa nimeinamia sanduku la bamia nje ya duka la mboga pale Stratford Road, mjini Birmingham, nimevaa sare ya kazi, na nina dakika chache tu kabla ya basi langu.

"Binti, hizo zimekomaa," sauti ikasema nyuma yangu. "Vunja ncha usikie. Ikikatika kwa mlio, chukua. Ikipinda, mwachie mwenyewe."

Niligeuka nikimtafuta mama wa Kitanga, maana lafudhi ilikuwa ya kwetu kabisa. Nikamwona bibi mfupi wa Kihindi, amevaa sari ya pamba ya kijani chini ya koti zito la kiume, miguuni raba nyeupe. Sikujua nicheke au nimwamkie. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Nilikuwa naingoja hiyo," akajibu, kisha akaanza kunichagulia bamia moja moja kwa kuvunja ncha zake, muuzaji akimtazama kwa uchungu. Basi langu likapita. Nilichelewa kazini siku hiyo, na mzee niliyekuwa nakwenda kumwogesha alininunia mpaka nilipoondoka.

Tulimwita Bai. Kwa Kimarathi, lugha ya kwao magharibi mwa India, ndivyo wanafunzi wanavyomwita mwalimu wao wa kike, naye alikuwa amefundisha shule Tanga miaka mingi kabla ya kuhamia Birmingham. Hapa pia alifundisha, Jumapili, katika ukumbi wa kukodi, watoto wa Wamarathi wachache wa mji huu, mpaka watoto wakakua na ukumbi ukabaki na viti. Jina lake kamili nililijua, kwa sababu mara kwa mara mleta barua alichanganya nyumba zetu. Sikulitumia hata siku moja. Kumbe tulikaa mtaa mmoja Sparkhill, katika safu ile ile ya nyumba zilizoshikana, nyumba tatu tu kati yetu. Alipogundua kwamba kwetu ni Muheza, alinipokea kama mtu aliyetumwa kwake na mzigo.

Kiswahili chake kilinitia aibu. Mimi niliyezaliwa nacho nilikuwa nimeshaanza kusema "nita-book appointment" na "shift yangu ina-start saa moja". Yeye alisubiri nimalize, akainamisha kichwa, akasema polepole, "Utaweka miadi. Zamu yako inaanza." Nami nirudie. Nikikataa kurudia, hakunipa chai. Siku moja jamaa wa chama chetu cha Watanzania walibandika tangazo la harusi kwenye kioo cha duka la nyama. Bai akapita, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akasahihisha makosa matatu, akaandika chini: "Rudia." Mwenye duka alilia kwa kucheka. Katibu wa chama hakucheka, lakini aliandika upya.

Nyumbani kwake chumba cha mbele kilikuwa maktaba. Rafu zilijaa majarida manene yenye majalada ya rangi kali, kila mwaka na lake au na matatu. Alinieleza kwamba kwa Wamarathi sikukuu ya Diwali haina taa na vitamu peke yake. Magazeti yao hutoa matoleo maalumu, mazito kama kitabu cha simu cha zamani, yamejaa hadithi fupi mpya, na watu huyangoja kama watoto wanavyongoja nguo za Idi. Mpwa wake wa Pune, huko India, ndiye aliyemtumia majarida hayo. Bai aliyapanga kwa miaka, na aliyafuta vumbi kwa kitambaa laini, kila moja, kama unavyomfuta mtoto uso.

Alhamisi saa tisa alasiri nilikuwa huru. Ndipo nilipokwenda na binti yangu Rehema, aliyekuwa bado mdogo wa shule, na baadaye akaongezeka Mama Dorcas, Mkongo aliyekaa ng'ambo ya barabara. Bai alikaa kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, akafungua jarida, na macho yake yakasoma Kimarathi huku mdomo ukitoa Kiswahili. Hakuwa amekiandika popote. Alifasiri palepale, na pale neno lilipomkwama alinyanyua kidole juu, sote tukanyamaza mpaka lije.

Hadithi zenyewe hazikuwa za wafalme. Zilikuwa za makarani, wakulima, wajane, wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilivyofungwa, watu wa vijiji ambavyo barabara ya lami ilikuwa imefika lakini desturi za zamani hazijaondoka. Moja nitaikumbuka siku zote. Kinyozi wa kijiji, mtu wa tabaka la chini, mwanawe amesoma mpaka akawa ofisa wa wilaya. Siku ofisa anakuja kukagua kijiji, mkuu wa kijiji yuko uani ananyolewa. Uso umejaa sabuni. Sheria inamtaka asimame mbele ya ofisa. Lakini wembe uko shingoni, na anayeushika ni baba yake ofisa. Kinyozi anamwona mwanawe kwenye lango, anauinua wembe. Hadithi inaishia hapo, wembe ukiwa hewani.

"Aah, Bai! Hapana!" Mama Dorcas alipiga paja. "Ule baba afanye nini sasa?"

"Wewe ungetaka afanye nini?"

"Amalize kazi yake. Kazi ni kazi, vraiment, kweli kabisa. Mtoto angoje."

Mimi nikasema kijana ndiye angepaswa kwenda kumpokea baba yake ule wembe. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Bai alituacha tuchoke, kisha akasema, "Mnamtazama kinyozi na mwanawe tu. Hebu mtazameni mkuu. Maisha yake yote amesema yeye, na leo ana sabuni mdomoni." Akafunga jarida. "Hadithi nzuri haikwambii nani mbaya. Inakuuliza wewe ungekaa wapi."

Kulikuwa na nyingine iliyomkwamisha kwa neno moja, wiki nzima. Neno lenyewe lilikuwa maher. Ni nyumba aliyotoka mwanamke kabla ya kuolewa, pale anaporudi kupumzika, ambapo hapigi hodi na hakuna anayemwuliza atakaa siku ngapi. Nikampa "kwao". Akatikisa kichwa: "Kwao ni fupi mno, binti. Hata mwanamume ana kwao." Mama Dorcas akatoa neno la Kifaransa, nalo halikutosha. Alhamisi iliyofuata Bai alinifungulia mlango akiwa bado nalo. "Tuseme hivi," akasema. "Wewe ukichoka kabisa, unataka kwenda wapi?" Nikaanza kusema Muheza, kisha nikakumbuka. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki, na ile nyumba ya Muheza kaka zangu walikuwa wameiuza. Bai aliniona. Aliingia jikoni akarudi na sahani ya mchele wao ule bapa uliokaangwa kwa haradali na bizari, akaniweka kwenye kiti chake cha mbao, akakaa yeye chini kwenye zulia, na siku hiyo hakusoma chochote. Neno aliliacha kama lilivyo. Mpaka leo mimi na Mama Dorcas tukipigiana simu, mmoja akiwa amechoka, husema, "Nataka maher."

Asifikiri mtu kwamba alikuwa malaika. Aliyetusomea juu ya subira hakuwahi kungoja taa ya kuvukia barabara. Aliinua mwamvuli tu akaingia Stratford Road, mabasi yakafunga breki, naye akapita bila kugeuza shingo. Aliwasema jirani zake kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Mwanawe alipomwoa Mwingereza, hakwenda kwao miezi kadhaa, yeye ambaye nusu ya hadithi alizozipenda zilihusu watu waliooana kinyume cha desturi. Alipozaliwa mjukuu alikwenda, na tangu siku hiyo mkamwana alikuwa hana kosa duniani. "Nilichelewa," aliniambia. "Mimi huchelewa, lakini hufika."

Na alikuwa mjane aliyeishi kama desturi ya kwao inavyowataka wajane. Siku alipotusomea hadithi ya sherehe ya wanawake, ile wanayopakana manjano na unga mwekundu kwenye paji la uso, na wajane hawaalikwi, sote tulimtazama yeye. Katika hadithi, mke mpya kutoka mjini anachukua sahani ya unga mwekundu mpaka chumba cha ndani alikojificha mama mkwe wake mjane, anasimama mlangoni. Mama mkwe anamfukuza. Mke mpya anasema, "Mama, sahani ni nzito, na mimi siondoki." Mama Dorcas, ambaye hakujua kuzunguka, akauliza, "Na wewe, Bai, mbona uso wako ni mtupu?"

Bai akagusa paji lake. "Mimi ni msomaji," akasema. "Sijasema kwamba nimo ndani ya hadithi."

Sikulielewa jibu hilo mpaka siku ya vikombe.

Kwake mimi nilinywea kikombe cha kaure, cheupe chenye maua ya buluu. Mama Dorcas alikuwa na chake, na Rehema chake. Bai mwenyewe alinywea bilauri ya stili. Miaka miwili niliamini kwamba kaure ni heshima ya mgeni. Alhamisi moja Rehema, ambaye alikuwa ameanza kujifunza adabu za jikoni, aliviosha vyombo vyote akavipanga pamoja kwenye kichanja cha sinki, kaure na stili. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikivaa koti. Nilimwona Bai akiingia, akivitenga vile vya kaure na kuvirudisha kwenye kikabati chao, kisha akavichukua vya stili, kimoja kimoja, akaviosha upya.

"Mum, I already washed those," Rehema akasema, akinigeukia. "Kwa nini anaviosha tena?"

Maji yaliendelea kutiririka. Bai hakugeuka. "Ni mazoea tu, mwanangu," akasema.

Mimi nilikuwa nimesikia hadithi za kutosha kujua yale yalikuwa mazoea gani. Katika hadithi zake kulikuwa na watu wa tabaka la chini waliopewa maji kwa kumiminiwa viganjani ili wasiguse chombo na kukitia unajisi. Nilikuwa nimewalilia watu hao, pale pale, nikiwa nimeshika kikombe changu cha maua.

"Bai," nikamwambia, "zile hadithi unamsomea nani?"

Akafunga bomba. Nikamshika Rehema mkono tukatoka.

Sikurudi kwa karibu miezi mitatu. Nilibadilisha njia ya kwenda kituoni ili nisipite mlangoni kwake. Mama Dorcas alinilaumu, akisema bibi ni mzee, mzee habadiliki, twende tu. Nikamwambia yeye aende. Naye hakwenda. Rehema aliuliza mara mbili, kisha akaacha. Kilichoniuma si kikombe. Kazini wazee wengine walikuwa wameniambia maneno mabaya kuliko hayo huku nikiwavisha soksi, na nilikuwa nimezoea kuyaacha mlangoni pao. Hapa nilikuwa nimeingia na moyo wote.

Alikuja mwenyewe, alasiri moja ya mvua nyepesi, bila mwamvuli. Alikuwa hajawahi kuingia kwangu. Kila nilipomkaribisha alikuwa na sababu: goti, mwanawe anakuja, mboga iko jikoni. Aliketi mezani, kwenye kitambaa cha plastiki, mbele ya sufuria niliyokuwa nimepikia samaki mchana ule. Alivuta pumzi ya lile jiko langu, yeye asiyekula samaki wala nyama, na niliona kwamba inamsumbua.

"Nipe chai," akasema. "Kwenye kikombe unachonywea wewe."

Nikampa. Alikishika kwa mikono miwili, akakaa nacho. Rehema alisimama kwenye ngazi akitazama. Bai alikiinua mpaka karibu na midomo, akakishusha. Akakiinua tena. Sikumsaidia. Sitasema kwamba nilimhurumia, kwa sababu wakati ule sikumhurumia. Mara ya tatu alikunywa, fundo moja kubwa, kama mtoto anayekunywa dawa.

"Akili yangu ilikubali zamani sana," akasema alipopumua. "Kabla hujazaliwa. Mkono ndio mkaidi. Nimeusomea mkono huu hadithi miaka hamsini, haujasikia."

"Sasa umesikia?"

"Umesikia fundo moja." Akakitazama kikombe. "Kimebaki kingi. Nipe muda."

Alikimaliza. Ilimchukua karibu saa nzima, na katikati tulizungumza juu ya bei ya vitunguu na masomo ya Rehema. Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwake, na Mama Dorcas akaja na maandazi. Vyombo vyote vilikuwa kwenye rafu moja. Chakula changu hakukila kamwe, na mimi sikudai. Lakini chai tulikunywa kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono, na wakati mwingine nilimwona akiutazama mkono wake mwenyewe, kwa ukali, kama anavyomtazama mwanafunzi wa nyuma ya darasa.

Nikizikumbuka Alhamisi zile sasa, naona jinsi zilivyokuwa fupi. Muda wa saa mbili tu, kisha mimi nakimbilia zamu ya jioni. Nilikuwa na harufu ya haradali kwenye sare, na wazee wangu waliniuliza nimekula nini. Nilikuwa nawasimulia. Kuna bwana mmoja wa Kiingereza, fundi wa mashine aliyestaafu, ambaye nilimsimulia ile ya mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kilichofungwa, anayeendelea kwenda kukaa langoni kila asubuhi na kopo lake la chakula. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema kiwanda chake kilifungwa siku ya Ijumaa, na Jumatatu alivaa viatu vyake vya kazi akakaa navyo jikoni. Nilipomletea Bai habari hiyo alisimama, akaenda kwenye rafu, akalibusu lile jarida.

Macho yake yalianza kuharibika katikati, akaona pembeni tu. Alijaribu kusoma akiwa amegeuza shingo kama kuku, kisha kwa kioo cha kukuzia, kisha kwa kukumbuka. Mwanawe alimchukua akakae naye Perry Barr, katika nyumba mpya zilizojengwa kule upande wa uwanja wa michezo. Majarida mengi yalikwenda kwa msomaji mmoja wa London. Nyumba yake ya Sparkhill sasa inakaliwa na vijana wa chuo, nao wameweka baiskeli pale palipokuwa na rafu.

Mwaka jana nilikwenda kumwona, mabasi mawili, siku ya jua. Mkamwana alinifungulia, akatuachia sebule. Bai alikuwa amepungua sana, koti lile la kiume likimfunika hadi magotini ingawa kulikuwa na joto. Alinitambua kwa sauti.

"Chukua chini ya mto," akasema.

Kulikuwa na jarida moja la zamani, jalada limechakaa. Alilifungua kwa vidole, akahesabu kurasa kwa kugusa, akasimama mahali. "Hadithi hii sikuwasomea kamwe. Ni yangu. Mimi ndiye niliyeiandika, nikiwa Tanga. Ndiyo pekee waliyoichapa."

Akanisimulia kwa kichwa. Mwalimu wa Kihindi ana mtoto mchanga. Yaya, mwanamke wa pwani, ndiye anayemlea. Siku moja mwalimu yuko shuleni, mtoto anapatwa na degedege, mvua inanyesha, na yaya anambeba mgongoni mbio mpaka hospitali. Mtoto anapona. Yaya anarudi amelowa, na mwalimu anamkalisha kwenye meza yake mwenyewe, anampakulia kwa mkono wake, wanakula pamoja.

"Barua zilikuja kutoka Nagpur, kutoka Bombay," Bai akasema. "Wote waliisifu ile meza."

"Ni nzuri, Bai."

"Degedege ni kweli. Mvua ni kweli. Yule mtoto ndiye mwenye nyumba hii, amekwenda kazini." Akatafuta mkono wangu, akaupata. "Meza ni uongo. Nilimpa khanga kavu, nikamwekea chakula jikoni kama siku zote. Akala amesimama. Mimi nikaenda kuandika meza. Una karatasi?"

Nilikuwa na daftari langu la kazi, ninaloandikia saa za kuingia na kutoka. Nikageuza ukurasa mpya.

"Andika mwisho upya. Kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha aliyoijua." Akanyanyua kidole juu, kisha akaanza kwa sauti ile ya Alhamisi. "Mwanaidi alirudi amelowa. Bibi yake alifurahi sana, akamshukuru sana, wala hakumkaribisha kukaa. Alikula jikoni, akiwa amesimama, kama alivyokula miaka kumi na moja." Akapumua. "Basi. Soma."

Nikasoma. Midomo yake ilifuatana na yangu.

"Jina umeliandika sawasawa?"

Nikamtajia herufi kwa herufi.

"Katika ile iliyochapwa sikuliweka," akasema. "Niliandika yaya tu, mwanzo mpaka mwisho. Weka jina lake lote."

"Mwanaidi binti nani, Bai?"

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu. Aligeuza uso pembeni, kama anavyofanya anapotaka kumwona mtu vizuri.

"Sikumwuliza," akasema.

Nikaanza upya, Mwanaidi binti, nikaacha nafasi, upana wa jina moja, nikaendelea kuandika.